Mzunguko wa maziwa na msitu: uende na baiskeli ipi?

Njia yenyewe umeshaipata. Kilomita 50 hivi, mwinuko wa jumla kama mita 600, maziwa mawili au matatu njiani, msitu katikati, na mwisho unarudi pale pale ulipoanzia. Ni mzunguko wa wastani: mtu mwenye afya akianza asubuhi na mapema anaumaliza kabla jua halijageuka, na kupumzika akapumzika. Kinachokukwamisha ni swali la baiskeli, na kila unayemuuliza anakusifia ile aliyo nayo yeye.

Ugumu unatoka kwenye njia. Mizunguko ya maziwa na msitu haina uso mmoja. Unaanza kwenye lami kandokando ya maji, lami inaishia kwenye kizuizi cha msitu, unaingia barabara ya changarawe iliyochongwa kwa ajili ya magari ya magogo, unatokea kwenye kinjia chembamba chenye mizizi, daraja la mbao lenye unyevu, kisha mchanga wa ufukweni. Hakuna baiskeli iliyotengenezwa kwa yote hayo. Kila moja inakupa raha mahali fulani na kukudai mahali pengine.

Nitalinganisha nne: ya mbio, ya changarawe, ya mlima na ya umeme. Kwanza tukubaliane tunazipima kwa nini.

Vigezo vinne

*Uso wa njia.* Usihesabu kilomita nzuri, hesabu mbaya. Mzunguko wenye kilomita 45 za lami na 5 za mizizi hauelezwi na zile 45. Jiulize kuhusu zile 5: nitaziendesha, nitazisukuma, au nitaanguka? Kama ni mita 300 tu na uko radhi kuzitembea, zisikuchagulie baiskeli. Kama ni kilomita 5 mfululizo, zinakuchagulia, utake usitake.

*Mlima.* Mita 600 katika kilomita 50 ni wastani wa mita 12 kwa kila kilomita, na wastani huo unaficha mengi. Unaweza kuwa mwinuko mrefu wa upole, au vilima vitano vifupi vilivyosimama kama ukuta. Tafuta kipande kikali kuliko vyote, halafu angalia gia nyepesi kabisa ya baiskeli yako: gawanya idadi ya meno ya sahani ya mnyororo ya mbele kwa meno ya ile ya nyuma. Jibu likiwa 1, gurudumu la nyuma linazunguka mara moja kwa kila mzunguko wa pedali. Likiwa chini ya 1, mlima unakuwa mwepesi zaidi na mwendo unapungua. Hesabu hii ndogo inakwambia mengi kuliko maneno yote ya matangazo.

*Muda na upepo.* Nguvu ya hewa inayokuzuia huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne. Kwenye tambarare, ukiwa kilomita 25 kwa saa, sehemu kubwa ya jasho lako inapigana na hewa. Ukiwa 12 kwa saa kwenye changarawe mbovu, adui ni ardhi. Ndani ya msitu miti inakukinga. Ziwani huna kinga, na kuna jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii: siku ya jua nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na upepo unavuma kutoka ziwani kuja ufukoni. Huanza taratibu asubuhi inapokomaa na kushika kasi alasiri. Kama mzunguko una ufuko mrefu ulio wazi, upite mapema, msitu uuache kwa mchana. Ushauri huo unafaa kwa baiskeli zote nne.

*Macho na vituo.* Mimi nakipa kigezo hiki uzito kuliko wengi. Umekuja kutazama maji na miti. Baiskeli inayokulazimisha kukodolea macho mita mbili mbele ya tairi inakunyima safari uliyoijia. Tena mahali kama hapa utasimama mara nyingi, kupiga picha, kunywa maji, kusikiliza ndege, kwa hiyo urahisi wa kushuka na kupanda nao una maana. Na kwa kuwa tumegusa kutazama: kwenye nchi ambako magari hukaa kushoto, lizunguke ziwa kinyume cha mwendo wa saa, nawe utakuwa upande wa maji bila gari kupita katikati. Kwenye nchi za kulia, fuata mwendo wa saa.

Baiskeli ya mbio

Ni ile yenye usukani wa pembe zilizopinda kwenda chini, fremu nyepesi na tairi nyembamba, uzito wake kwa kawaida kilo 8 hadi 10.

*Uso wa njia.* Watu huihukumu mapema mno. Zamani ilivaa tairi zenye upana wa milimita 23, ngumu kama ubao. Leo nyingi zinakubali milimita 30 au 32, na tofauti hiyo ni kubwa. Mashindano ya baiskeli ya Paris–Roubaix, kule Ufaransa, hupita zaidi ya kilomita 50 za barabara za mawe, nayo hukimbiwa kwa baiskeli za mbio. Kwa hiyo changarawe laini, iliyoshindiliwa, haitakushinda. Kitakachokushinda ni mchanga, tope na mizizi. Tairi nyembamba huzama mchangani, na ikigonga jiwe kali upepo ukiwa mdogo, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili yaliyopangana kama alama ya meno ya nyoka. Chukua tyubu mbili za akiba, sio moja.

*Mlima.* Nyingi huja na meno 50 na 34 mbele, na hadi 34 nyuma. Gia nyepesi kabisa ni 34 kwa 34, yaani 1. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 7.6 kwa saa. Ukipanda mwinuko wa asilimia 10 (mita 10 juu kwa kila mita 100), wewe na baiskeli mkiwa kilo 80 kwa pamoja, hiyo inadai kama wati 170. Aliyezoea mazoezi atazitoa, asiyezoea atashuka asukume. Wepesi wa baiskeli unasaidia, lakini kidogo kuliko inavyodhaniwa: kilo 3 katika 80 hazifiki hata asilimia 4.

*Muda na upepo.* Hapa haina mpinzani anayetumia miguu tu. Mwili unainama, hewa inapita juu yako, na lami ikiwa nzuri unahisi kama njia inajikunja yenyewe chini yako. Wastani wa kilomita 22 kwa saa unakumalizia kilomita 50 kwa saa mbili na robo.

*Macho na vituo.* Kwenye lami utatazama ziwa vizuri. Ndani ya msitu mambo yanageuka: mwanga na kivuli vinabadilishana kila sekunde, jicho halizoei upesi, na shimo linajificha kwenye kivuli. Majani yaliyolowa juu ya lami huteleza kama sabuni. Na viatu vya kunasa pedali vyenye soli ngumu havikupi raha ya kutembea hadi majini.

*Inamfaa* anayejua kwa hakika kwamba zaidi ya tisa ya kumi ya njia ni lami, anayependa kasi kwa dhati, na asiyeona uchungu kusukuma kidogo.

Baiskeli ya changarawe

Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ya mbio. Usukani ni wa pembe pia, ila umetanuka kwa chini ili mikono ishike kwa upana. Breki ni za diski. Na fremu ina nafasi ya tairi za milimita 40 hadi 50. Uzito huwa kilo 9 hadi 11.

*Uso wa njia.* Tairi ya milimita 40 hujazwa upepo mdogo, psi 30 hadi 40 kwa watu wengi (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo ndani ya tairi), wakati ya milimita 28 inaweza kuhitaji karibu mara mbili yake. Upepo mdogo unaifanya tairi ijikunje juu ya kokoto badala ya kuzirukia, na barabara ya magogo inayokutikisa meno kwenye baiskeli ya mbio inakuwa ya kuvumilika, hata ya kupendeza. Wengi huondoa tyubu kabisa na kumwaga ndani ya tairi umajimaji wa kuziba matundu, ili mwiba mdogo usikusimamishe. Mizizi inapitika ukiifuata kwa pembe ya mraba, polepole, makalio yakiwa yameinuka kwenye siti. Kinjia kikiwa na mizizi kilomita 5 mfululizo, viganja vitakufa ganzi. Haina springi za kukubembeleza.

*Mlima.* Hapa kuna mtego. Jina la changarawe halimaanishi gia nyepesi. Baiskeli nyingi za aina hii zina sahani moja tu mbele, mathalani meno 40, na nyuma hadi 42. Gawanya: 0.95. Hiyo ni karibu sawa na ya mbio, na tairi nene ikiukuza kidogo mzingo wa gurudumu, tofauti inayeyuka. Zenye sahani mbili, 46 na 30, na nyuma hadi 34, hushuka hadi 0.88. Nimeona watu wakinunua wakiamini wamejinunulia urahisi wa milima, kisha wanashangaa kwenye kilima cha kwanza chenye kokoto, ambako huwezi hata kusimama kwenye pedali kwa sababu gurudumu la nyuma linaserereka. Hesabu meno kabla hujalipa. Sahani ya mbele inaweza kubadilishwa kwa ndogo zaidi.

*Muda na upepo.* Kwenye lami utaachwa nyuma kidogo na ya mbio. Kwenye changarawe utaiacha wewe. Kwa mzunguko uliochanganyika, wastani wa kilomita 18 hadi 20 kwa saa ni wa kawaida, na pembe za chini za usukani zitakusaidia ufukoni upepo unapokuja usoni.

*Macho na vituo.* Tairi pana linakusamehe usipoona kokoto moja, nawe unathubutu kuinua kichwa. Fremu huwa na matundu ya kufungia chupa na mikoba, kwa hiyo koti na chakula havikai mgongoni.

*Inamfaa* mwenye njia ya nusu kwa nusu, na anayetaka baiskeli moja kwa mizunguko mingi tofauti. Udhaifu wake ni ule wa kila kitu cha katikati: haishiki nafasi ya kwanza kwenye lami wala kwenye mizizi.

Baiskeli ya mlima

Nazungumzia yenye springi mbele tu. Yenye springi mbele na nyuma ni zaidi ya mahitaji ya mzunguko wa wastani, isipokuwa mgongo wako ndio umeomba.

*Uso wa njia.* Hapa ndipo ilipozaliwa. Miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, walikuwa wakishuka vilima kwa baiskeli kuukuu zenye tairi nene, na kutokana na mchezo huo ikatokea baiskeli tunayoijua leo. Tairi zake ni kama milimita 55 hadi 60, upepo psi 20 na ushee, na meno ya mpira yanayong'ata udongo. Mizizi, tope jepesi, mchanga mfupi, mbao zilizolowa: vyote inavipita kwa heshima. Kwenye lami meno hayo yanaunguruma na kukula nguvu. Dawa ipo: tairi zenye meno mafupi katikati, upepo ulioongezwa kidogo, na kitufe cha kufunga springi, ambacho watu wengi wanacho na hawajawahi kukigusa.

*Mlima.* Meno 32 mbele na 51 nyuma ni 0.63. Kwa mizunguko 60 ya pedali kwa dakika unapanda kwa kilomita 5 na kitu kwa saa, na ule mwinuko wa asilimia 10 uliodai wati 170 sasa unadai kama 120, hata baada ya kuongeza uzito wa baiskeli yenyewe, ambao ni kilo 12 hadi 14. Kwa asiye na mazoezi mengi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda na kusukuma. Unakwenda polepole, lakini unakwenda, na gurudumu la nyuma linashika.

*Muda na upepo.* Kifua kiko wima, na upepo wa ziwa unakikuta kimefunguka. Kilomita 15 kwa saa ni makadirio ya haki. Kilomita 50 zinakuchukua saa tatu na dakika 20, zaidi ya saa nzima juu ya ile ya mbio. Kama ufuko mrefu wa lami umepangwa alasiri, saa hiyo utaihisi mapajani.

*Macho na vituo.* Ndani ya msitu hakuna inayoifikia. Unakaa wima, kichwa kiko juu, tairi zinajishughulikia zenyewe, na jicho lako linakuwa huru kuifuata miti. Unashuka kwa viatu vya kawaida na kutembea hadi majini.

*Inamfaa* mwenye njia yenye vipande vibaya virefu, anayeanza na bado anaogopa kuteleza, na yeyote ambaye muda haumsumbui.

Baiskeli ya umeme

Mota inasaidia unapokanyaga pedali. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ya kawaida ina wati 250 na huacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Marekani baadhi ya makundi ya baiskeli hizi huruhusiwa kusaidia hadi 32.

*Uso wa njia.* Inategemea tairi na springi zake; zipo za umbo la mjini na zipo za umbo la mlima. Lililo la pamoja ni uzito, mara nyingi kilo 20 hadi 25. Kwenye mchanga inazama, kwenye mteremko wa kokoto inahitaji breki za mapema, na mti ukiwa umeanguka njiani, kuiinua peke yako ni kazi ya mgongo. Pia baadhi ya njia za msituni haziruhusu chombo chochote chenye mota. Soma kibao cha mlangoni, au uliza kabla ya siku yenyewe.

*Mlima.* Swali linakaribia kufutika. Msaada wa wati 100 tu unautandaza mlima.

*Muda na upepo.* Upepo wa alasiri haukutishi, ila betri inauhisi kwa niaba yako. Betri ya wati-saa 500, ukitumia 10 kwa kilomita, inakupa kilomita 50 kamili, yaani bila akiba. Kwa msaada mdogo matumizi yanaweza kushuka hadi nusu ya hapo. Kwa msaada mkubwa kwenye milima yanapanda vibaya. Baridi nayo huipunguza. Anza na msaada wa chini kabisa, panda ngazi kwenye vilima tu, na ufike nusu ya njia ukiwa na zaidi ya nusu ya betri. Ikiisha, unabaki na kilo 23 za kuendesha kwa miguu.

*Macho na vituo.* Hupumui kwa shida, kwa hiyo unatazama, unazungumza na mwenzako, unasimama kila unapotaka kwa sababu kuondoka tena hakukugharimu. Sauti ya mota ni ndogo, ila msitu ukiwa kimya utaisikia.

*Inamfaa* anayerudi kutoka ugonjwani kwa ruhusa ya daktari wake, mwenye magoti ya kubembelezwa, au mwenye mwenza mwenye nguvu zaidi yake. Sioni aibu yoyote ndani yake. Watu wawili waliokuwa wakisubiriana kwenye kila kilima wakaanza kupanda bega kwa bega wamepata kitu ambacho gia peke yake haikuwapa.

Chagua kwa hali yako

*Una baiskeli moja tayari na huna mpango wa kununua nyingine.* Badilisha tairi kwanza. Weka pana kuliko zote zinazoingia kwenye fremu na uma (mkono unaoshika gurudumu la mbele) bila kugusa, ukibakiza milimita kadhaa kila upande kwa ajili ya tope. Hakuna badiliko jingine linaloleta tofauti kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Halafu punguza upepo hatua kwa hatua hadi uhisi tairi inanyonya kokoto bila rimu kugonga.

*Njia hujawahi kuipita na ramani haisemi uso wake.* Kodi au azima ya mlima. Ukikuta yote ni lami umepoteza saa moja. Ukiwa na ya mbio ukakuta yote ni mizizi, umepoteza siku.

*Mvua imenyesha siku mbili zilizopita.* Lami ufukoni itakuwa imekauka, msituni bado, kwa sababu jua halifiki chini. Sogea hatua moja upande wa tairi pana: aliyekusudia ya mbio achukue ya changarawe, aliyekusudia ya changarawe achukue ya mlima. Madaraja ya mbao yapite ukiwa umenyooka, bila kukata kona wala kushika breki ya mbele.

*Mnakwenda kundi la nguvu tofauti.* Mpe aliye dhaifu zaidi ya umeme, au mpe ya mlima na wenye nguvu wachague wanachotaka, mradi wakubali kwamba mwendo ni wake yeye.

*Unataka kuirudia njia hiyo hiyo kila wiki kama mazoezi.* Sasa unaijua kila kokoto. Kama kipande kibaya ni kifupi, ya mbio yenye tairi za milimita 32 itakupa furaha ya kupimana na saa. Kikiwa kirefu, ya changarawe.

*Ni mara ya kwanza kabisa kuendesha zaidi ya kilomita 30.* Baiskeli yoyote yenye gia chini ya 0.8, siti iliyopimwa urefu (kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini, mguu unyooke kabisa), chupa mbili za maji, na ufuko ulio wazi upitwe kabla ya upepo wa ziwa kuamka.